Ubao Juu ya Debe

Mwongozo uliruka hatua moja. Hatua ya tatu: jaza debe. Ya nne: andika kwenye simu. Kupitisha ubao ili kuondoa kilima cha juu hakukuwepo.

Ni mwongozo wa programu ya bure tunayotumia hapa Usevya kuandika mazao. Haina mwenyewe mmoja. Ukiona kosa unatuma sahihisho, wanaoitunza wakilikubali linaingia kwenye simu zote. Mimi niliishia darasa la tano na ninatengeneza baiskeli, lakini nimeshawarekebishia picha iliyopinduka na kurasa mbili zilizobadilishana nafasi.

Danford, kaka wa mke wangu, hununua mpunga mbele ya kibanda changu. Kila debe kwake lilikuwa na kilima. Mkulima akilalamika, alisomewa mwongozo.

Jumamosi aliyefika ni Mama Doto, jirani yangu. Alimwaga mpunga wake kwenye turubai: madebe kumi ya kuuza, na wa kubakiza kula mpaka mavuno. Kwa vilima vya Danford, ule wa kula ungeishia kwenye magunia ya Danford.

"Wameandika wataalamu, mama," Danford alisema. "Ubao umeuona wapi hapa?"

"Shemeji," nikamwambia, "hebu fungua upya. Huenda wataalamu wameshiba, wakakumbuka kitu."

"Wewe kaza spoku zako."

Sahihisho nilikuwa nimelituma wiki iliyotangulia, na asubuhi hiyo nilijibiwa kwamba limekubaliwa. Sikuona haja ya kumwambia. Akafungua, akasoma kwa sauti ya katekista: "Hatua ya nne. Pitisha ubao juu ya debe. Kinachozidi..."

"Malizia, baba," Mama Doto alisema. "Tunakusikiliza."

"...kirudi kwa mkulima."

Watu walicheka mpaka mmoja akaegemea baiskeli ya mteja, wakaanguka wote wawili. Mama Doto akaniinua nilipokaa, akachukua ubao niliokalia, akaupitisha mwenyewe juu ya kila debe. Vilima vyote vikarudi kwenye turubai lake.

Jioni nilimkuta Pudensiana, mke wangu, amekaa mbele ya jiko bila sufuria.

"Ndoo ya mchele ya kaka haijaja," alisema. "Kapiga simu. Anasema yetu ilikuwa inatoka kwenye vilima."

Basi, vyote vimekwenda. Ndoo ya mchele ya kila Jumamosi. Lifti ya gari lake kwenda Mpanda. Salamu ya shemeji. Na ubao wangu wa kukalia, maana Mama Doto naye hajaurudisha.