Harusi Kwenye Ghala la Tumbaku

Kulusum aliingia kwenye makao ya dharura ya jiji la Arua na godoro lililolowa, sufuria mbili na gurubaba yake, ile shuka iliyotariziwa ambayo wanawake wa Kinubi hujifunga siku za sherehe. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya chumba alichopanga, na mwenye nyumba akaona heri auze kiwanja kuliko kupaua upya. Watoto hakuwa nao, na ndugu zake wengi walikuwa wametangulia mbele ya haki.

Makao yenyewe yalikuwa ghala la zamani la tumbaku. Harufu ilibaki kwenye kuta, kiasi kwamba kila mgeni alipiga chafya mpaka azoee. Siku za wiki ghala lilijaa vitanda. Jumamosi liligeuka ukumbi wa harusi, maana msimamizi wake alikuwa amezoea kulikodisha kwa sherehe, na jiji lilipoliomba liwe makao alikataa kuacha. Basi kila Jumamosi asubuhi vitanda vilisukumwa nyuma ya pazia, na wenye vitanda wakaambiwa wakatembee mjini hadi jioni.

Jumamosi moja mvua ilianza alfajiri na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Wengine walikwenda kujikinga sokoni. Kulusum alibaki mlangoni na Anguzu, mzee Mlugbara kutoka Aroi ambaye kaka yake alikuwa ameuza shamba lao bila kumwambia. Ndani, wapishi walikuwa wamefunua masufuria ya pilau.

"Mimi siendi popote," Kulusum alisema. "Leo sisi iko wageni."

"Wageni wa nani?"

"Hapo ndipo raha yenyewe. Watu wa bibi harusi watadhani sisi iko wa bwana harusi. Wa bwana harusi watadhani sisi iko wa bibi harusi. Hakuna mutu atauliza, ni aibu kuuliza."

"Mama Kulusum, mimi ni Mkatoliki."

"Leo wewe ni Mzee Sulemani wa Kuluba. Vaa hii." Akamtolea kanzu aliyoiazima, bila ruhusa, kwa jirani yao wa kitanda.

Waliingia na kundi la wageni waliokuwa wakikung'uta miavuli. Kulusum, amejifunga gurubaba, alikumbatia wanawake kumi kabla hajafika kwenye kiti. Aliwauliza hali za watoto ambao hakuwajua, akalaumu kwamba siku hizi hawaji kumwona, na wawili kati yao wakamwomba msamaha. Nabila, bibi harusi, alimbusu mkono. Ngoma ya doluka ilipoanza Kulusum alikuwa wa kwanza kusimama, na alicheza kwa namna ambayo wasichana walikunja magoti na kumpisha.

Aliyempenda zaidi alikuwa Hajati Zuhurah, shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa Koboko mwenye vyumba vya kupangisha kando ya barabara ya kwenda Oraba. Alimketisha karibu naye, akamwekea nyama kwa mkono wake.

"Wewe unaishi wapi, dada yangu?"

"Hapa hapa Arua," Kulusum alijibu, na hilo lilikuwa kweli. "Lakini mahali penyewe iko na watu wengi sana. Usiku wanakoroma."

"Toba! Mtu mzima kama wewe? Njoo Koboko. Nina chumba iko wazi, karibu na jiko langu." Akaguta ili wakwe wote wamsikie: "Huyu ni mtu wangu! Nampa chumba!"

Wakwe walipiga vigelegele. Kulusum alipiga pia.

Upande wa wanaume mambo yalimwendea Anguzu vibaya. Kanzu ilikuwa safi na ndevu zake nyeupe, basi wazee wakamwomba Mzee Sulemani aombe dua. Anguzu alikohoa. Wakangoja. Akakohoa zaidi, akashika kifua, mpaka shehe mwenyewe akamhurumia na kuomba badala yake. Lakini hawakumwachia, walitaka angalau ampe bwana harusi neno.

Akasimama, akamgeukia bwana harusi, Asuman.

"Kijana," akasema, "mkigombana, usitoke nyumbani ukalale nje kwa hasira. Mimi nimelala nje. Kule nje hasira inaisha haraka sana, lakini baridi inabaki. Gombana ndani, karibu na blanketi."

Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi.

Wakati huohuo Stella Kiden aliingia. Stella alikuwa afisa wa jiji wa kuwatafutia wakazi wa ghala nyumba. Jiji lilikuwa tayari kulipia kodi ya miezi ya kwanza, lakini mwenye nyumba akisikia tu neno "ghala", chumba kilichokuwa wazi kilipata mtu palepale. Leo alikuwa mgeni halali. Alisoma na Nabila. Alipomwona Anguzu ndani ya kanzu, na Kulusum akitafuna paja la kuku meza ya mbele, karibu adondoshe zawadi.

"Stella, njoo umsalimu mkwe wetu," Hajati Zuhurah alimwita. "Anahamia kwangu Koboko."

Stella alimjua Hajati vizuri. Huyuhuyu alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba watu wa ghala wangemfugia mbuzi chumbani. Midomo ya Stella ilianza kutetemeka, na haikuwa kwa hasira.

"Shikamoo, mkwe," akamwambia Kulusum.

Kulusum alimtazama msichana huyu ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akirudi ghalani jioni, viatu vimejaa vumbi, kusema bado. Akanawa mikono.

"Hajati," akasema kwa sauti ya chini, "mimi si mkwe wako. Kitanda yangu iko nyuma ya hiyo pazia, nyuma ya bibi harusi. Huyu binti ndiye ananitafutia nyumba."

Hajati aliinuka, akachungulia nyuma ya pazia, akaviona vitanda na godoro lenye doa la maji. Akarudi, akaketi.

"Na yule mzee wa blanketi?"

"Anguzu wa Aroi. Mkatoliki."

"Na sisi tulitaka atuombee dua!" Hajati alifunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalitikisika kwa muda, na Stella hakujua kama analia. Alipoufunua, macho yalikuwa na maji na meno yote yalikuwa nje. Halafu akajikaza.

"Nimeshasema mbele ya wakwe," akanong'ona kwa ukali. "Sitajiaibisha. Jumatatu uje. Na mbuzi usilete."

Kulusum alihamia Koboko Jumatatu ile, na jiji likalipa kama lilivyoahidi. Anguzu bado yuko ghalani. Harusi mbili zimeshamwalika kwa ajili ya maneno yake, na huko Stella humketisha makusudi meza moja na wenye vyumba vya kupangisha.

Juzi Stella alikwenda Koboko kumtembelea Kulusum. Aliwakuta wanawake wawili jikoni wakigombana kwa sauti kuhusu chumvi.

"Huyu unamwona?" Hajati alilalamika. "Jirani zangu sasa wanakula kwake!" Akamvuta Stella pembeni. "Chumba cha nyuma kitakuwa wazi mwezi ujao. Niletee mwingine. Lakini huyo asijue kupika."