Nyumba Iliyozibwa Matundu

Mwaka wa 1954 Gustave alikuwa mtu wa kwanza kwenye mlima wao, juu ya Lushebere, kujenga nyumba ya matofali na mabati. Baridi ya Masisi aliijua, basi aliziba kila tundu kwa udongo, hata nafasi iliyo kati ya ukuta na bati.

"Humo hata roho yako itakosa pa kutokea," jirani yake Viateur alimwambia. Gustave alicheka tu.

Mvua ziliponyesha, kuvu nyeusi ikaota ukutani nyuma ya kitanda. Mkewe, Godelieve, akashikwa na kikohozi, macho yakamwasha, kifua kikapiga filimbi. Akishinda shambani anapata nafuu; akirudi kulala, kikohozi kinampokea mlangoni.

Habari zikafika kwao Kashebere, na mama yake, Athanasie, akaja kumchukua. Kwa desturi yao, mama mkwe hasemi na mkwe wake uso kwa uso. Alikaa uani, akampa Gustave mgongo, akasema na mbuzi aliyefungwa pale.

"Mbuzi, ambia mwenye nyumba: kesho mutoto wangu anarudia kwetu. Mu nyumba ya majani hakukuwa anakohoa."

Gustave naye akamgeukia mbuzi. "Mbuzi, ambia Mama: nyumba hii iko muzuri kupita zote za huku."

"Mbuzi, weye unalala mu kibanda ya matundu, upepo inapita, na hata siku moja sijasikia unakohoa. Ni weye mwenye akili hapa."

Godelieve alicheka mpaka kikohozi kikamkunja chini. Hilo lilimchoma Gustave kuliko matusi. Alichukua panga na nyundo, akapanda ngazi, akabomoa udongo wote chini ya bati, kisha akatoboa dirisha nyuma ya kitanda. Akasugua kuta kwa majivu, akapaka chokaa, akaanika matandiko juani.

"Mbuzi," alisema Athanasie, "tungoje kidogo."

Walingoja majuma mawili. Upepo uliingia huku ukatokea kule. Ukuta ukakauka, na Godelieve akalala usingizi mmoja mpaka asubuhi.

Athanasie akafunga mzigo wake, peke yake. Gustave akamfungua mbuzi, akamkabidhi mkewe kamba ampe mama yake.

"Mbuzi, sindikiza Mama mpaka Kashebere. Ukae kule."

Athanasie akampapasa mbuzi masikio. "Sasa tukirudi kugombana, huyu mwanaume ataongea na nani?"

Godelieve akacheka, akaegemea ukuta, akacheka tena. Gustave alitega sikio. Hakusikia kikohozi.