Matundu ya Fundi Lipu

Fundi lipu huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: matundu. Akiona tundu ukutani, hata akiwa kwenye nyumba ya msiba, mkono unamwasha. Miaka thelathini amelainisha kuta za watu, na mtu akimsifu hujibu, "Pitisha kiganja kwanza, ndipo usifu."

Binti yake alikuwa chuoni, mwaka wa mwisho, akisomea usanifu wa majengo. Baba alimpenda kupita kiasi wala hakuficha. Kitambulisho cha zamani cha chuo cha binti alitembea nacho mfukoni na kukionyesha hata kwa wasiouliza. Kilichomkera ni kwamba binti hakuwahi kumwomba msaada. Fundi yumo ndani ya nyumba, mtoto anakwenda kujenga na mashine!

Mashine hiyo ya chuoni ilikuwa ikichapa udongo tabaka juu ya tabaka. Ilimtolea binti ukuta mdogo, kimo cha kiuno, wenye matundu mia mbili ya kipimo kimoja. Yalikuwa makazi ya wale nyuki wadogo wasioishi mzingani, kila mmoja na kitundu chake. Binti aliusimamisha nyumbani, uani karibu na maua, akangoja. Wiki tano zikapita, hakuna nyuki aliyepiga hodi. Mwalimu wake akamwambia waziwazi: Jumatatu atakuja kuutazama, na kama hakuna hata mpangaji mmoja, binti atarudia mwaka.

Baba, aliyekuwa akiuzuia mkono wake wiki zote hizo, alisikia nusu tu, kwamba mwalimu anakuja kukagua ukuta. Akamwona binti amenyong'onyea, akasema moyoni zamu yangu imefika. Binti alipokwenda maktaba, akakanda udongo, akaziba matundu yote mia mbili, akapitisha kiganja. Kisha akakaa kumngoja kama mtoto aliyedeki nyumba bila kutumwa.

Binti aliporudi alitazama ukuta, akamtazama baba, akakaa chini palepale.

"Baba, zile zilikuwa nyumba."

"Nyumba za nani?"

Akamweleza yote, nyuki, mwalimu, mwaka wa kurudia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma fundi, heri angefoka. Miezi yote hiyo alinung'unika kwamba haombwi, kumbe na yeye hakuwahi kuuliza.

"Nimekuharibia, mama," alisema. "Lakini udongo bado mbichi. Lete lile kopo la misumari."

Wakakaa bega kwa bega, wakatoboa kwa walichonacho: msumari wa inchi nne, wa inchi sita, spoku ya baiskeli, bisibisi iliyovunjika mpini. Mengine yakatoka membamba, mengine mapana, mengine yamekwenda upogo. Kwa fundi ilikuwa aibu tupu.

"Baba, usilainishe."

"Sijagusa."

"Nakiona kiganja."

Akakirudisha mfukoni.

Jumatatu mwalimu alifika, akachuchumaa mbele ya ukuta, akangoja. Baba alisimama nyuma, kofia mkononi, hajawahi kuogopa mkaguzi hivyo. Akaja nyuki mmoja amebeba kipande cha jani, akazunguka, akaingia kwenye tundu la spoku. Baadaye kidogo wa pili akaingia lile la bisibisi.

"Ya mashine yalikuwa sawasawa mno," mwalimu alisema. "Haya kila mtu anapata saizi yake. Nani aliyatoboa?"

Baba akainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka.

"Baba yangu," binti akajibu. "Mimi nilikuwa msaidizi wake."

"Basi andika jina lake kwenye kazi, mbele ya lako. Umepita."

Alasiri hiyo fundi alikumbuka tundu lililokuwa juu ya dirisha la jikoni, ambalo alipanga kuliziba tangu mwezi uliopita. Akakanda udongo, akachukua mwiko, akapanda juu ya stuli. Kabla hajaanza, akasogeza jicho karibu.

"Hodi," akasema, akangoja kujibiwa.