Nzi wa Mkuu wa Idara

Mkuu wa Idara ya Biolojia alikuwa ameshaaga mtaa mzima kabla hata hajaalikwa. Chuo cha ng'ambo kilikuwa kinamtuma profesa wake aje kuona utafiti wa nzi wa matunda. Akiridhika, mtu mmoja wa hapa angekwenda kufundisha kule nusu mwaka. Mtu gani tena kama si yeye? Jina lake ndilo lililotangulia kwenye utafiti huo. Idarani mambo yalikwenda hivyo: yeyote akifanya utafiti, jina la Mkuu linakaa juu, kama kofia. Kuusoma ilikuwa hiari yake, na hakuwahi kujilazimisha.

"Baba watoto, vua hilo koti la baridi," mkewe alimwambia asubuhi hiyo. "Utaiva kabla hujafika huko."

"Nalizoea, mke wangu."

"Zoea kwanza kufundisha. Mara ya mwisho unashika chaki, kitinda mimba wetu alikuwa tumboni."

Alifika chuoni kichwa kimemvimba. Mhadhiri kijana, waliyembandika jina la Mama Nzi, alikuwa amekwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Mkuu akaona akague maabara, mahali ambapo hakuwa ametia mguu miaka na miaka. Alipofungua chumba cha nyuma, harufu ya ndizi zilizooza ikamrudisha mlangoni. Chupa zilijaa rafu nzima, zimezibwa kwa pamba, na ndani yake funza wanatambaa. Nzi mmoja akamtua puani.

"Mungu wangu! Mgeni aje aone uchafu huu? Huyu binti ananitafutia aibu!"

Akawaita wafagizi. "Pulizeni dawa kila kona. Hizo chupa zoeni, mkachome."

"Mkuu, tusimuulize kwanza Mama Nzi?"

"Kwani mimi na yeye, nani mkuu?"

Wakapuliza, wakazoa, wakachoma. Mkuu mwenyewe akaweka maua ya plastiki mezani.

Mgeni, mama wa makamo asiye na makuu, aliingia na Mama Nzi, akayasifia maua kwa adabu. Kisha akauliza, "Nzi wenyewe wako wapi?"

"Hakuna hata mmoja!" Mkuu alijibu kifua mbele. "Hapa kwetu ni usafi tu."

Mama Nzi akakimbilia chumba cha nyuma. Alirudi mikono kichwani. "Mkuu, umewaua! Wote! Ndio utafiti wenyewe!"

"Hao si... si walikuwa nzi wa kawaida?" Jasho lilianza kumchuruzika ndani ya koti.

Mgeni akamsogelea. "Bahati nzuri mwaka jana huyu dada alitutumia nzi wachache wa mbegu. Atakayekuja kwetu atawalisha alfajiri, atasafisha funza kwa mikono yake, atawazalisha upya, kisha atarudi nao. Mtafiti mkuu si wewe? Twende?"

Watu wote wakamgeukia. Mkuu akavitazama vidole vyake laini, akawaza funza wakivipanda.

"Unajua," alisema taratibu, "kazi kama hiyo inawafaa vijana."

"Basi atakwenda huyu. Wewe utamshikia vipindi vyake."

"Vipindi gani?"

"Vya mwaka wa kwanza, kila asubuhi," Mama Nzi alisema, akifuta machozi. "Ukumbi ule mkubwa. Wanapenda sana kuuliza maswali, Mkuu."