Mashimo Niliyoyafukia

Udval, binti mtafiti wa chuo kikuu, alikuwa akija mara moja kwa mwaka, mwezi wa saba, na mimi nilikuwa naanza kumngoja mwezi wa nane. Sioni haya kusema hivyo. Mke wangu Khorloo alishafariki, wanangu watatu wako mbali, Ulaanbaatar, mji mkuu, na kondoo, hata uwapende vipi, hawana mazungumzo.

Kazi yake ilikuwa udongo. Alizungushia uzio kipande cha malisho yangu ng'ambo ya mto, na kila akija alipigilia bomba la chuma ardhini kando ya alama zake, akatoa udongo mweusi na kuutia mifukoni akapime kaboni. Siku ya kwanza nilimwuliza kama amesoma miaka yote hiyo ili abebe matope. Akacheka, akanieleza kwamba nyasi huvuta kaboni hewani, mizizi ikaishusha chini, na kwetu huku, kwa kuwa baridi haiachi kitu kioze upesi, hukaa humo mamia ya miaka.

"Umelala juu ya friji, baba," akasema.

Nilimpenda kuanzia hapo. Mashimo yake ndiyo sikuyapenda. Sisi hatuchimbi ardhi ovyo. Hata kigingi cha farasi tukiking'oa, tunafukia pale kilipokuwa, mizimu walio wenye ardhi huko chini wasije wakaudhika. Basi kila gari lake lilipotokomea nilichota samadi kuukuu ya zizini, ile nyeusi iliyooza vizuri, nikaruka uzio, nikajaza mashimo yote na kumwaga nyingine pembeni kama kuomba radhi. Juu nikarudishia majani, nikakanyaga. Nilifanya hivyo miaka minne, na kwa ustadi, maana ungepita usingejua.

Mwaka huu alifika na peremende na chupa ya vodka, anacheka kabla hajashuka garini. Kaboni ya kiwanja changu imepanda kuliko ya viwanja vyote vya mkoa. Wakubwa wake wamefurahi, wameongeza mradi miaka mitano, na sasa atakuja kiangazi na vuli. Mwezi ujao atasimama mbele ya wataalamu wa nchi nyingi awaonyeshe alichokipata. Nilimmiminia chai ya maziwa na chumvi huku nikipiga hesabu moyoni. Ziara kumi. Kwa umri wangu, zingenifikisha kaburini bila upweke.

Nilitaka kunyamaza, na asubuhi nzima nilinyamaza. Lakini alipoinama kupigilia bomba aliniambia kwamba chuoni walikuwa wakimdharau, sasa wanamsalimia wao kwanza. Nikaona kabisa jinsi mtaalamu mwingine atakavyokuja kuchimba, aikute samadi, na binti huyu aitwe mwongo kwa maisha yake yote.

"Acha kupiga, Udval," nikasema. "Hiyo ni samadi ya kondoo wangu."

Alidhani namtania. Nikamweleza yote, tangu mwaka wa kwanza. Akachomoa bomba, akavunja udongo kwa vidole, akaunusa, kisha akakaa chini kwenye nyasi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Miaka minne, baba. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungeniambia niyaache wazi."

Akaitikia kwa kichwa, maana ni kweli angesema hivyo. Baadaye akaniambia atawaandikia wakubwa wake ukweli, na kwamba mradi, ukisalimika, utahamia bonde jingine, kwa wafugaji wengine. Tukang'oa uzio pamoja. Mimi nilikunja waya, yeye akabeba nguzo.

Alipofungua mlango wa gari nikamwuliza kama mwakani atakuja.

"Kazi yangu huku imekwisha, baba."

"Sikuuliza kazi."

Akautazama usukani.

"Nitakuja," akasema, upesi mno. Wanangu nao hujibu upesi hivyohivyo.