Mlango wa Stoo ya Makaa

Ukipewa maneno ya mtu aliyekufa uyapeleke kwa watu wake, wewe unaweza kukaa nayo miaka mingapi bila kuyafikisha? Mimi nilikaa nayo arobaini na saba. Si kwamba nilisahau. Mwanzoni sikujua watu wenyewe wako wapi, na baadaye, nilipoona naweza kuwapata, nikaogopa.

Nilipewa na babu yangu Mutie, baba ya baba yangu, hapa hapa Mbooni, mwaka ule aliofariki. Lakini hamtaelewa nisipoanza na meli.

Babu alichukuliwa na watu wa chifu akiwa kijana, wakati wa vita ile ya kwanza ya Wazungu, akabebe mizigo. Alipofika Mombasa akawekwa kupakia makaa ya mawe kwenye manowari ya Waingereza. Siku ya kupakia makaa, alituambia, hakuna aliyesamehewa. Hata maofisa walishika magunia, na bendi ilipiga tarumbeta huko juu ili watu wasilegee, mpaka vumbi likafanya wote kuwa weusi na ukamjua Mzungu kwa macho tu. Homa ilikuwa imewalaza wengi wa wale watia makaa. Kwa hivyo meli ilipoondoka, babu na wenzake wachache hawakushushwa.

Sisi wajukuu tuliijua meli hiyo kuliko soko la mji wa Wote. Mizinga minne mikubwa, miwili mbele na miwili nyuma, na mtoto angeweza kutambaa ndani ya mtutu. Kombora moja lilikuwa na uzito wa fahali, likipandishwa kwa mashine kutoka chumba cha baruti. Sakafu ya juu ilikuwa ya mbao, na kila asubuhi wanamaji walipiga magoti kwa mstari wakaisugua kwa mawe na mchanga. Walilala kwenye vitanda vya turubai vilivyoning'inizwa kwa ndoano, juu ya meza zile zile walizolia chakula. Biskuti zao zilikuwa ngumu kama vigae. Unaigonga mezani kwanza, wadudu watoke, ndio unakula.

Na chini kabisa, ngazi baada ya ngazi ya chuma, kulikuwa na boila. Mlango wake ukifunguliwa nyusi zinaungua. Kulikuwa na ndoo ya maji ya shayiri na kikombe kimoja cha bati, kila mtu anakunywa na kumpa mwenzake.

"Mimi bahari sikuiona," babu alikuwa akisema. "Niliona moto."

Mwenzake kwenye boila alikuwa Msomali mmoja mrefu, jina lake Samatar, aliyepandia Kismayu. Yeye alikuwa mzoefu. Ndiye aliyemfundisha babu kurusha makaa yaenee ndani badala ya kurundikana mlangoni. Tena alikuwa mtu wa mchezo.

"Wewe Mkamba, baba ya babu yako anaitwaje?"

"Sijui. Alikufa kabla sijazaliwa."

"Wangu pia alikufa kabla sijazaliwa! Kwani alikufa pamoja na jina?"

Samatar alikuwa na majina ya baba zake kichwani, kama watu wao walivyo, na alifanya kazi nayo. Beleshi moja, jina moja. Samatar, Warsame, Guled, Hirsi, Roble, Liban, Egal, Farah. Mabeleshi manane, halafu unafunga mlango wa boila, unapumua. Siku zikaenda, babu akajikuta anayataja pamoja naye.

Mimi nilipokuwa msichana mdogo, nikitwanga mahindi na mchi umenizidi urefu, babu alikaa kando akanifundisha hayo majina. Pigo moja, jina moja. Nilidhani ni wimbo wa Kizungu. Nimetwanga nayo maisha yangu yote.

Mwaka alioanguka kitandani ndipo akaniambia yaliyobaki. Watoto wake walikuwa shambani, nami nilikuwa nimekuja kumpa uji.

Alisema siku moja baharini Samatar alikuwa zamu ya stoo ya makaa, kule ndani ya tumbo la meli, kusukuma makaa yawafikie wa boila. Kulitokea kishindo chini ya maji, meli ikalala upande, na bahari ikaingia kwenye stoo. Msimamizi akapiga kelele, "Funga!" Aliyekuwa karibu na mlango ni babu. Ulikuwa mlango wa chuma wenye usukani kama wa lori, ukishaukaza hata tone halipiti. Maji yalikuwa tayari kwenye vifundo vya miguu yake. Akaufunga. Akaukaza kwa mikono yake miwili. Meli haikuzama. Watu mia saba hivi walipona.

Lakini ukutani kulikuwa na bomba la shaba la kusemea, la kuwaambia walio ndani walete makaa upande gani. Babu aliweka sikio. Samatar hakuomba kufunguliwa. Alijua kazi. Alikuwa anataja majina yake, polepole, na babu akaweka mdomo kwenye bomba akayataja pamoja naye. Walifika Farah wakarudia tena. Mara ya tatu walifika Hirsi, halafu bomba likatoa maji.

"Waambie watu wake," babu aliniambia. "Uwaambie na mlango. Usifiche mlango."

Sasa mimi niliwaambia nani? Nilikuwa mke wa mtu, na shule niliishia darasa la nne. Wasomali nilikuwa nawaona kwa mbali tu, soko la mifugo la Kitui, nikienda kwa dada yangu. Utamshika mtu bega umuulize, wewe unamjua Samatar?

Halafu mwaka jana niliingia duka la Shamso, mama mmoja wa Kisomali kule Wote, anakouza leso na thermosi. Alikuwa amempakata mtoto wake, anamfundisha majina ya baba zake kwa vidole. Mtoto alikwama jina la nne, mama akamfinya shavu, wakaanza upya. Nikakaa kwenye gunia la mchele.

"Susu, una nini? Nikuletee maji?" Susu ni nyanya kwa Kikamba, ndivyo anavyoniita.

"Shamso, mtu akiwa na majina kama hayo, manane, anaweza kuwapata wenyewe?"

Akacheka. "Kwa manane? Susu, kwa matano nakupatia mpaka ngamia wao."

Nikayasema. Akaacha kucheka. Akaniambia niseme tena mbele ya simu, nayo ikayashika. Wiki tatu baadaye akanipigia, nikasikia sauti ya mzee kutoka Garissa. Hakunisalimu. Alisema tu, "Hamud, Abdiaziz, Samatar, Warsame, Guled," akaendelea mpaka Farah bila kukosea. Hamud ndiye yeye. Abdiaziz ni baba yake. Samatar ni babu yake.

"Nakuja," akasema.

Binti yangu Kanyiva aliposikia nitasema yote, aliweka chini kisu cha kumenyea viazi.

"Mama, mwambie alikufa na maji. Si ni kweli?"

"Na mlango?"

"Mlango uliuona wewe? Mzee wa miaka themanini atoke Garissa mpaka huku, aambiwe watu wa nyumba hii ndio walimfungia babu yake? Afadhali ungenyamaza tangu mwanzo."

Hata mimi nilikuwa nimefikiria hivyo hivyo kwa miaka mingi.

Alikuja siku ya Alhamisi asubuhi, pamoja na Shamso, kila mmoja na boda boda yake. Mwembamba, ndevu nyekundu kwa hina, fimbo mkononi. Alishuka akashika kiuno.

"Mama, hii milima yenu! Mbuzi wa hapa wanapanda na ngazi?"

"Karibu mzee. Wamezoea. Ni sisi tunaoanguka."

Shamso alikuwa ameleta jogoo aliyechinjwa na mume wake, na Kanyiva alimpika kwenye sufuria mpya niliyonunua kwa kazi hiyo. Mzee alikula kidogo. Alisifu parachichi zetu. Lakini nilimwona macho yake hayatulii, kama mtu anayengoja jibu la daktari. Alipomaliza chai akaweka kikombe chini akasema, "Sema sasa. Kama alioa huko, sema. Nimejitayarisha."

Nikamwambia. Nilianza na bendi na vumbi la makaa, nikamwambia habari ya kikombe kimoja cha bati na ule mchezo wa jina. Hapo alitabasamu. Nikafika kwenye kishindo. Kanyiva alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia, na nusura niparuke pale penyewe. Nilitoa kitambaa nikapangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

"Mzee," nikasema, "aliyefunga mlango ni babu yangu. Aliambiwa afunge, na maji yalikuwa yanaingia, lakini ni mikono yake. Samatar alikuwa ndani. Alikuwa hai."

Nikamweleza na lile bomba la shaba, mpaka Hirsi.

Kuku walipita uani. Shamso alijifunika uso kwa mtandio. Mimi nilingoja anilaani. Nilikuwa nimejiambia akinilaani sitajibu, nitampa maji ya kunawa na nitamsindikiza mpaka barabarani.

"Nyanya yangu Rahmo," akaanza, "aliambiwa mumewe yuko Uingereza, ameoa, ana watoto weupe. Wanawake wakimcheka kisimani. Hakuolewa tena, kwa sababu hakuna aliyejua kama yeye ni mjane. Baba yangu alikua akiitwa mtoto wa aliyetupwa. Alipotufundisha majina, akifika Samatar alishusha sauti. Kila mara. Mimi nilidhani jina lenyewe linasemwa hivyo."

"Pole, mzee. Pole sana."

"Huyo babu yako, siwezi kukuambia nimemsamehe. Leo ndio nimemsikia. Nipe siku."

"Chukua hata mwaka."

Alishika fimbo kama anataka kusimama, halafu akakaa tena. Machozi yalishuka yakaingia kwenye zile ndevu nyekundu na hakuyafuta.

"Lakini nikuambie kitu, mama, hata mke wangu sijamwambia. Nilipokuwa mtoto niliswali nikimwomba Mungu babu yangu awe amekufa. Si kwa ubaya. Nilitaka awe alikufa zamani, kabla ya maneno ya watu, alikufa akiwa bado wetu. Hicho tu ndicho nilitaka, na leo umeniletea."