Filimbi ya Wakwe

Mimi sikutaka kwenda baharini. Nilikuwa nimetoka Malakisi kuja Kitale kumngoja mjukuu, si kutembeatembea. Lakini binti yangu Nasike, ambaye tumbo lake lilikuwa linaingia chumbani kabla yake, alisema ukoo mzima wa mume wake unaenda Hifadhi ya Pwani siku ya Jumamosi, na nikibaki nyumbani peke yangu watu watasema mama mkwe amenuna. Nikamwambia kutoka Kitale mpaka pwani ni safari ya siku nzima na usiku juu yake. Akanijibu kwamba pwani hii iko upande wa Naitiri.

Nilidhani mimba imempanda kichwani.

Kumbe ni kweli. Mzee mmoja wa huko, Bethwel, alikuwa karani Mombasa mpaka akastaafu, akarudi kwenye shamba la baba yake na hamu ya bahari isiyotibika. Wenzake wakistaafu hununua ng'ombe wa maziwa. Yeye alichimba bwawa jipya chini ya lile bwawa la zamani la kunyweshea mifugo, akamwaga malori ya mchanga wa mto ukingoni, akajenga lango na kupigilia kibao. Minazi ilikataa katakata kuota kwenye baridi ile, kwa hiyo alipanda juu ya mikaratusi akafunga madafu kwa kamba. Ndani ya maji alitupa mawe ya chumvi ya ng'ombe, ili mtu akimeza kidogo asiseme amedanganywa. Ng'ombe wa majirani waliipenda bahari ile kuliko binadamu yeyote, wakawa wanavunja uzio kuja kuilamba.

Na bahari yenyewe ilikuwa inajaa na kupwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake kubwa. Kila asubuhi alimpigia simu rafiki yake aliyebaki Mombasa, akamwuliza leo maji yanajaa saa ngapi, akaandika kwenye ubao wa langoni. Saa ikifika alipanda mwenyewe mpaka bwawa la juu akazungusha gurudumu la kufungulia maji. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Alisema si haki bahari moja ijae na nyingine ikae bure.

Sasa nieleze jambo la wakwe, maana bila hilo hutaelewa mtu anawezaje kuanza kufa mbele ya ukoo wake wote huku kila mmoja akimheshimu.

Kwetu Bukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Si chuki, ni heshima. Levi alikuwa ameishi na Nasike miaka kadhaa, na kwa muda huo wote hakuwahi kunielekezea neno hata moja, wala mimi yeye. Nilimjua kwa kisogo na kwa kikohozi. Upepo ulipong'oa paa la banda langu la kukaushia tumbaku, alikuja akalirudisha peke yake, bati kwa bati, nami nimejifungia jikoni nikisikiliza nyundo. Chai nilimpelekea kwa mkono wa jirani. Nilimpenda yule kijana, na sikuwa na mahali pa kuuweka upendo wenyewe.

Bethwel naye alijua wateja wake ni watu wa Bungoma na Trans Nzoia, na ukiwamwaga ufuoni bila mpango, nusu yao watakuwa wakwe wa nusu nyingine. Basi akatunga sheria. Alimwajiri msichana wa kutoka miteremko ya Elgon, Chelagat, ambaye hakujua kuogelea hata kidogo lakini alikuwa na mapafu. Akampa filimbi. Mlio mmoja mrefu maana yake mama mkwe anaingia majini, na wakwe zake wote wakajifiche nyuma ya mikaratusi wakitazama upande wa Kitale. Aliye ndani ya maji na hana njia ya kutoka azame mpaka shingoni, ageuze mgongo, angoje. Milio miwili mifupi ilimaanisha mama ametoka, amevaa, na maisha yaendelee.

Siku ile ufuo mzima ulikuwa ni ukoo wa Levi, kwa hiyo kila mwanamume pale alikuwa mkwe wangu. Nilipovua viatu na kujifunga leso juu ya kamisi, Chelagat akapuliza mpaka madafu yakatikisika. Wanaume wakatimua mbio na taulo zao. Baba mdogo wa Levi, mzee Wekoye, alisema umri wake unamruhusu kubaki, lakini akafuata nyuma ili kuwasimamia vijana wasigeuke.

Kwa pembe ya jicho nikaona kichwa kimoja kimebaki majini, upande wa kina. Kilizama mpaka shingoni, kikageuka. Nilijua ni kisogo cha nani. Nikatazama kando, kama inavyotakiwa.

Maji yalikuwa matamu, mwenzangu. Yalikuwa baridi, ya udongo, na kachumvi kake ka ng'ombe, lakini magoti yangu, ambayo yamekuwa yakilia kama mlango mbovu, yalinyamaza. Nikajiambia moyoni, wewe Nabwile, kumbe hii ndiyo bahari watu wanayoisifu. Nikaendelea mbele polepole mpaka maji yakafika kiunoni, nikasimama nikiyapapasa kwa viganja. Sikuwa na haraka hata kidogo.

Nikasikia kikohozi. Mkwe akikohoa anakuarifu kwamba yupo. Nilishajua yupo, nikakohoa na mimi ili ajue nimejua.

Baadaye akaita, si mimi, bali mke wake, ambaye alikuwa ameketi mchangani chini ya mwavuli na miguu imemvimba. "Nasike, mwambie mama ati bahari imeanza kujaa."

Nasike akaniambia, ingawa nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu. Nikamtuma amjibu kwamba nimeona, na Mungu ambariki kwa kunileta. Ujumbe ukaenda, ukarudi. Levi anashukuru, ila nimwelewe, magoti yake yameshikwa. Nikasema pole sana, hata mimi magoti ni adui yangu, asimame ayanyooshe kidogo, sitatazama. Kisha Nasike akaleta jibu kwamba hawezi kusimama. Filimbi ilipolia alikuwa amepiga magoti ili azame vizuri, na tope la chini likamla mpaka mapajani.

Hapo Nasike mwenyewe akaanza kuinuka, akashindwa, akakaa tena akimwita Chelagat. Chelagat akaja mbio mpaka ukingoni, akasimama. Alisema yeye kazi yake ni kupuliza. Akawaeleza wanaume kwa sauti kubwa kwamba Levi amekwama. Kutoka nyuma ya mikaratusi wakauliza kama mama ameshatoka. Akasema bado, na nguo zimelowa. Wakashauriana. Mzee Wekoye akaamua kwamba kamba inaweza kurushwa, kwa sharti irushwe kinyumenyume. Wakairusha huku wakitazama Kitale. Ilimwangukia ng'ombe aliyekuwa akilamba ufuo, akaondoka nayo.

Chelagat akaweka mikono mdomoni, akampigia Bethwel kelele kule juu afunge maji, kuna mtu anazama. Bethwel alisikia. Niliona kofia yake ikiinama juu ya gurudumu. Akapaza sauti, lakini kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba bahari haifungwi, na akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuona Mombasa wakiizima kwa sababu ya mtu mmoja. Saa ilikuwa kwenye ubao. Kila mtu aliisoma langoni.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa palepale, hatua chache kutoka kwa mtoto wa watu, nimempa mgongo. Nilijiambia nitoke haraka nivae ili wanaume waje, lakini magoti haya ni ya kupanda matuta, si ya kukimbia majini, na mpaka nifike, nijifute, nitafute gauni, Chelagat apulize mara mbili, wanaume wavue viatu, jamani. Nilibaki nimesimama kama kigingi. Niliogopa. Na ukiniuliza niliogopa nini zaidi, kumgusa au kumpoteza, siwezi kukuapia.

"Nasike," sauti ikaja, nyembamba sasa, "mwambie mama maji imefika kwa kidevu. Mwambie asiharakishe. Aoge tu."

Nasike hakunipelekea ujumbe ule. Alikuwa analia.

Nikangoja ujumbe mwingine. Haukuja.

Nikageuka. Palikuwa na paji la uso limeelekea juu, na mikono miwili imenyooshwa hewani, lakini hata hiyo ilikuwa imenyooshwa kuelekea upande mwingine ili isije ikanigusa. Hasira niliyoipata, Mungu anisamehe. Nilimkasirikia Bethwel na gurudumu lake, nikawakasirikia wale wanaume waliosimama kama mikaratusi, nikamkasirikia na Levi mwenyewe kwa adabu yake ya kupitiliza. Nikaenda.

Nilimfikia kwa nyuma, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake. Chelagat alikuwa na filimbi mdomoni na hakujua apulize nini, maana kwa jambo hili hapakuwa na mlio. Ng'ombe aliyezama kwenye tope havutwi kwa pupa. Unamyumbisha kwanza, huku na huku, mpaka tope liachie. Nikamyumbisha mkwe wangu hivyo. Alipapatika, akajaribu kujiondoa mikononi mwangu, akionyesha kwamba hata kufa anaweza kufa kwa heshima. Nikamwambia sikioni, bila kumtuma mtu yeyote: "Levi, tulia, mjinga wewe. Ni mimi."

Akatulia. Tope likaachia, likatoa mlio mbaya, na nikamkokota kuja ufuoni akiwa amelala chali kifuani kwangu. Tulipofika mchangani ndipo nilipogundua kwamba tope lilikuwa limemrudisha yeye tu. Suruali yake fupi lilibaki nayo.

Chelagat akafunika uso kwa filimbi na mikono yote miwili. Nikafungua leso yangu nikamfunika, nikabaki na kamisi iliyolowa mbele ya mbingu na nchi na ng'ombe. Alikohoa maji, akatapika maji, akageuka ubavu. Na mimi, ambaye hapo nilipaswa kukimbia, nilibaki nimepiga magoti nikimpigapiga mgongoni. Akafungua macho akanitazama. Ana pengo katikati ya meno ya mbele, na kovu dogo juu ya nyusi. Nasike hakuwahi kuniambia. Niliona aibu kwamba naujua uso wa kila mchuuzi wa soko la Malakisi, na huu nilikuwa siujui.

Kule nyuma ya miti mzee Wekoye alikuwa ameshaitisha baraza, bado wote wakiwa wamegeukia Kitale. Alimwuliza Chelagat nini kimetokea, na Chelagat, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaeleza yote, na la suruali pia. Ukapita mguno. Kisha sauti ya Wekoye ikatoka mitini, nzito ya kikao. Mwiko wa namna hii haujawahi kusikika. Kondoo wa utakaso atachinjwa, hilo halina mjadala. Na mpaka wazee watakapokaa na kuridhika, mama mkwe arudi kwake Malakisi, asikanyage nyumba ya Levi. Mtoto akizaliwa, azaliwe bila yeye kuwapo.

Nasike akaniangalia. Sijawahi kuona macho kama yale kwa mwanangu tangu alipokuwa mdogo.

Wekoye si mtu mbaya. Akashusha sauti, akaongea kama jirani. "Mama Nasike, hiyo maji ilikuwa chafu sana, si ndiyo? Matope tupu. Mtu hawezi kuona anashika nani. Sema tu hukumuona. Ukisema hivyo, sisi tutachukua neno yako na iishe hapa hapa, bana. Utakaa, utapokea mjukuu wako."

Wanaume wote wakaitikia kwamba ndiyo, maji yalikuwa machafu mno. Hata Bethwel, aliyekuwa akishuka kilimani akiwa ameridhika na kazi yake, alisema bahari yake ikijaa huwa haioneki ndani. Nasike alikuwa akinitikisia kichwa, sema, Mama, sema. Levi alikuwa ameketi, amejifunga leso yangu ya maua, anatetemeka, anatazama chini.

Nilikuwa na neno moja la kusema nipate mjukuu. Nikalitafuta. Sikulipata.

"Nilimwona, mzee," nikasema. "Nyinyi ndio hamkumwona. Ningekuwa sikumwona na mimi, saa hii mngekuwa mnachagua mahali pa kuchimba."

Nikasimama, nikavaa gauni juu ya maji yangu, nikamwomba Chelagat anipe mfuko wangu, nikauliza ni nani atakayenifikisha stendi ya Kitale nipate gari la Bungoma kabla jua halijazama.

Mitini waliendelea kutazama Kitale. Levi akainuka, ameishika leso kiunoni kwa mkono mmoja. Aliangalia upande wa Nasike, kama mtu anayetafuta wa kumtuma. Kisha akanigeukia mimi.

"Nitakupeleka, Mama," akasema.